Mtu Aliyepumzisha Cheni

Ukimsalimia Fundi asubuhi, hakukujibu mpaka amalize kugonga. Alipitia cheni ya winchi pete moja baada ya nyingine, kwa nyundo ndogo yenye mpini wa mti wa mtamaiyu. Anagonga, anasikiliza, anagonga inayofuata, na wewe umesimama pale na salamu yako mdomoni. Mwishowe ananyoosha mgongo na kusema, "Nzuri. Imeamka vizuri." Hukujua kama amekujibu wewe au anasema habari za cheni.

Yalikuwa machimbo ya mawe, upande wa Ruiru, ukiwa njiani kwenda Thika. Kazi yangu ilikuwa kufunga mawe. Ndugu yangu mkubwa alizungusha winchi. Nilizungushia jiwe cheni, nikainua mkono, ndugu yangu akazungusha, na jiwe lenye uzito wa ng'ombe watano likapanda likipita juu ya vichwa vya watu. Kati ya jiwe hilo na vichwa vyetu palikuwa na cheni tu, na cheni ilikuwa kazi ya Fundi.

Nasema mapema ili mtu asije akadhani nimekaa hapa kumsifu mzee. Ndugu yangu alipelekwa kizuizini kwa sababu ya cheni moja iliyopitia mikononi mwa Fundi. Ndugu yangu hakuwa na kosa. Mimi nilijua hana kosa, na Fundi alijua. Hilo ndilo limenikaa rohoni miaka hii yote, na siwezi kumwandika Fundi bila kuliandika.

Alikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwa fundi mwingine. Kila mwaka, mvua ndefu zikiisha, alisimamisha winchi siku ya Ijumaa saa tisa. Nyapara alipiga kelele, bwana mkubwa akatoka ofisini na kofia yake, Fundi hakuwageukia. Alizifungua cheni zote akazilaza kwenye tanuri refu alilojenga kwa mawe yaliyokataliwa, akazifunika kwa mkaa, akavuta mvukuto mpaka zikawa nyekundu. Zisifike weupe. Ukivuta mpaka zikaanza kuwa nyeupe alikunyang'anya mvukuto na kukuita majina ambayo mzee wa kanisa hatakiwi kuyajua. Kisha alizizika kwenye majivu zipoe zenyewe mpaka Jumatatu. Maji hayakuruhusiwa kukaribia. Mtu akipita akipiga mluzi, Fundi alimkemea kwa sauti ya chini, kwamba kuna waliolala.

Kazi hiyo aliiita kupumzisha. Na miaka yote aliyopumzisha, hakuna cheni iliyokatika. Kwenye machimbo mengine watu walikatika miguu, walikufa, tulikwenda kuwazika. Kwetu hapana. Mke wangu alikuwa akiniambia, "Huyo mzee ukimwudhi nitakuacha."

Siku moja nilimwuliza chuma kinapumzikaje na hakina mwili. Hakukasirika, jambo la ajabu. Alinipa kipande cha waya wa shaba.

"Pinda."

Nikapinda.

"Haya, nyoosha."

Nikavuta kunyoosha. Pale nilipopinda pakakataa. Waya ukapinda pembeni yake, ukabaki na nundu.

"Pamekataa kwa nini?"

"Pamekuwa pagumu."

"Umeongeza nini hapo? Umetia simiti?"

"Sijatia kitu."

"Basi ugumu umetoka wapi?"

Niligeuza waya mkononi nikitafuta. Akanieleza kwamba ndani ya chuma chembe zimekaa kwa mistari, mstari juu ya mstari, lakini hakuna chuma kilichokaa sawa kabisa. Hapa mstari umekatika katikati, pale umeingia mwingine usiokuwa na mwenzake. Hizo ndizo kasoro. Ukipiga chuma, ukikipinda, ukikining'inizia mawe kila siku, kasoro zinaanza kutembea, na nyingine zinazaliwa humo humo. Mwanzoni kila moja inakwenda zake. Baadaye zinakutana, zinashikana, zinajenga kuta, na katikati ya kuta vinabaki vyumba safi visivyo na kasoro. Kuta zikiwa chache chuma kinapata nguvu. Zikizidi na kukazana, chuma hakiwezi tena kujikunja hata kidogo. Kinapasuka.

"Na nani anazipanga hizo kuta?" nilimwuliza.

"Hakuna. Zinajipanga." Alitazama ng'ambo ya barabara, kwenye kijiji tulichohamishiwa kwa nguvu siku hizo za hali ya hatari, nyumba zimefungana kwa mistari na handaki limezunguka. "Si kama sisi," akasema, na akarudi kwenye kazi yake.

Moto, alisema, unazipa kasoro nafasi ya kutembea tena. Nyingine zinakutana na kumalizana, nyingine zinajipanga upya kwa amani, chuma kinalainika na kuanza maisha mapya. Hiyo ndiyo maana ya kupumzika.

Haya yote aliyajua kutoka jeshini. Wakati wa vita alikuwa kwenye karakana ya magari, na mhandisi mmoja Mzungu aliwaonyesha mchezo wa mapovu. Fundi alituonyesha na sisi. Alijaza karai maji ya sabuni, akachukua mrija mwembamba wa kopo la mafuta, akapuliza polepole. Vipovu vidogo kama punje za wimbi vikatoka, vyote saizi moja, vikajipanga juu ya maji mistari mistari mpaka karai likafunikwa. Mzee mzima mwenye mvi, ameinamia karai akipuliza mapovu. Wafanyakazi walicheka mpaka wakakaa chini. Nyapara akasema Fundi ameanza kufulia malaika.

Mimi sikucheka kwa muda mrefu, kwa sababu nilianza kuona. Pale mstari mmoja wa vipovu ulikatika, ukaacha kovu. Fundi akasukuma ukingo kwa kibao, lile kovu likakimbia kupita katikati ya vipovu bila kuvipasua. Akasukuma tena, makovu yakawa mengi, yakakimbia, mengine yakagongana na kupotea, mengine yakasimama moja juu ya jingine mpaka likatokea ukuta, na vipovu vya upande huu vikawa vimeelekea kwingine kabisa kuliko vya upande ule. Hakuna aliyevigusa kwa kidole. Nilichuchumaa pale mpaka magoti yakaniuma. Ndugu yangu alinivuta kola, akasema, "Twende, wewe. Mawe hayapandi kwa sabuni."

Ndugu yangu alikuwa mtu wa namna hiyo. Hakuwa na maneno mengi, hakuingia kwenye siasa, hakula kiapo cha watu wa msituni kwa ninavyojua. Alikuwa anaimba kwenye kwaya, sauti ya chini kabisa. Fundi naye alikuwa mzee wa kanisa hilo hilo na hakuweza kuimba hata kidogo, lakini aliimba kwa nguvu, na ndugu yangu alimvumilia Jumapili baada ya Jumapili. Walipendana kwa njia ya watu wasiozungumza.

Nikisema Fundi alikuwa mpole nitakuwa nimedanganya. Alimzaba kofi mtu mzima mwenye watoto sita kwa sababu alitumia cheni ya winchi kuvuta lori lililokwama. Alihubiri mapumziko ya chuma na yeye mwenyewe hakujua kupumzika. Kifua kilikuwa kinamkohoza kwa moshi, mkono wa kulia haukunyooka tena, na akiambiwa aende hospitali alisema hana nafasi. Tulipokwenda naye Thika kuchukua mkaa wa mawe stesheni, alipenda tupitie mto Chania. Wengine hapo wanatazama maporomoko. Yeye aliinama chini ya daraja akagonga ribiti, ile misumari minene inayoshika vyuma vya daraja, kwa kijiti, akasikiliza, huku sisi tunamwambia maji ni mazuri. "Maji hayatabeba mtu," alijibu.

Na alikuwa hasikii la mtu. Akishajua jambo amelijua. Tulimpenda hata kwa hilo, kwa sababu kukataa kwake ndiko kulikotuweka hai.

Kisha zikaja siku ambazo moto wa mhunzi ulikuwa hatari kuliko bunduki. Serikali ilijua wahunzi wetu wanaweza kutengeneza silaha kwa mabomba ya maji na kitasa cha mlango. Matanuri ya vijijini yalivunjwa, mafuawe yakachukuliwa. Fundi aliachiwa tanuri la machimbo kwa masharti. Asiwashe bila karatasi ya ofisini, na asiwashe bila homugadi, mlinzi wa kijiji aliyewekwa na serikali, kusimama hapo na mkuki wake. Ukiwasha bila ruhusa, wewe na aliyekushikia mvukuto mnaondoka pamoja, na familia hazitaambiwa mmekwenda wapi.

Mwaka ule karatasi haikutoka. Mvua ziliisha, Fundi akaenda ofisini mara nne, wakamwambia angoje. Badala ya karatasi, bwana mkubwa akaleta cheni mpya kutoka ng'ambo. Nyembamba kuliko ya zamani, nyeusi, na ina nguvu mara mbili, walisema. Fundi aliigonga akasikiliza. Ilitoa sauti kali iliyokaa muda mrefu hewani.

"Hii imechoka kabla ya kuanza," akasema. "Sikia inavyolia. Imejaa kuta ndani."

Pete ya kwanza ilikuwa imefungiwa kikaratasi kigumu kwa waya. Mimi ndiye niliyekuwa nimefika darasa la sita, kwa hiyo nilikisoma. Kilikuwa cha Kiingereza, mistari michache, na mmoja niliuelewa vizuri sana.

"Fundi, wanasema isitiwe motoni."

"Nani wanasema?"

"Walioitengeneza."

"Wao wanakaa chini ya jiwe?"

"Hapana, lakini—"

"Nimekuuliza kama wanakaa chini ya jiwe."

Sikuendelea. Ningeweza kuendelea. Ningeweza kumwambia ndugu yangu, na labda Fundi angemsikiliza yeye. Lakini mtu huyu alikuwa hajawahi kukosea, na mimi nilikuwa nimeona vipovu kwa macho yangu. Nikakichomoa kile kikaratasi nikakitia mfukoni.

Tuliwasha tanuri Jumapili mchana, wakati wa ibada, homugadi wakiwa kanisani na wengine kwenye baraza. Mkaa safi, bila moshi. Mzee wa kanisa alikosa ibada kwa mara ya kwanza, na kwaya ilikosa kelele zake. Mimi ndiye niliyevuta mvukuto. Cheni ikawa nyekundu sawasawa, tukaizika. Jumatatu alfajiri aliigonga, ikatoa sauti ya chini, nzito. Alitabasamu. "Sasa imelala," akasema, na nilifurahi pamoja naye, Mungu anisamehe.

Baada ya wiki chache ndugu yangu alianza kulalamika. "Cheni inaruka kwenye gurudumu. Pete hazikai kwenye meno yake." Nikamwambia ni upya. Fundi akasema ni gurudumu lililokwisha. Pete zilikuwa zinarefuka, kidogo kidogo, na sisi wawili tuliokuwa na sababu ya kujua hatukupima.

Ilikatika asubuhi, jiwe likiwa limefika juu. Nilisikia kama kuni inavyovunjwa. Jiwe lilianguka juu ya lori la bwana mkubwa, likaligawa, na cheni iliyobaki ikamrukia msimamizi Mzungu na kumvunja nyonga. Hakuna aliyekufa. Winchi ilikuwa mikononi mwa ndugu yangu. Walimchukua kabla ya saa nne, bado ana vumbi la mawe usoni.

Walisema cheni mpya haikatiki bila kukatwa. Mtu wa winchi ndiye aliyeigusa, basi ni yeye. Kesho yake Fundi alivaa koti lake la kanisani akaenda ofisini, mbele ya bwana mkubwa na ofisa mmoja wa serikali. Nilikuwa nimeitwa pia, nimesimama karibu na mlango. Alikuwa amebeba ile pete iliyokatika, ameifunga kwa kitambaa.

"Tazameni," aliwaambia. "Iliyokatwa kwa msumeno inakuwa na uso laini. Hii imevutika, imekuwa nyembamba, kisha ikaachia. Imelainika. Mimi ndiye niliyeilainisha. Niliitia motoni."

Ofisa akamwuliza nani alimwona akiwasha moto.

Fundi hakunitazama. "Nilikuwa peke yangu," akasema.

"Na kwa nini mtu aharibu cheni yake mwenyewe?"

Hapo ndipo alipojaribu kueleza. Alieleza kwa Kiswahili, na mkalimani akatafsiri anachoweza. Kwamba kasoro za chuma hujipanga. Kwamba cheni ya zamani huuawa na kuta zake, lakini hii walioitengeneza walizijaza kasoro ndani yake kwa makusudi na kuzifunga zisitembee, na huko kutotembea ndiko nguvu yake yote, naye akazifungulia kwa moto akidhani anaiponya. Alikuwa ameelewa usiku ule mmoja, baada ya miaka thelathini ya uhunzi. Bwana mkubwa aliangalia saa. Ofisa akasema mzee huyu anamficha mwenzake kwa hadithi.

"Kulikuwa na karatasi kwenye cheni," Fundi akasema. "Ilikataza moto. Mkiiona mtajua sisemi uongo." Ndipo akanigeukia. "Mwulizeni huyu. Ndiye anayesoma."

Karatasi ilikuwa kwenye mfuko wa suruali niliyovaa. Nilikuwa naisikia kwenye paja. Nikamfikiria mke wangu na mtoto aliyekuwa tumboni. Nikaona wakiuliza, ulisoma na ukaacha? Nani alivuta mvukuto?

"Sikuona karatasi yoyote," nikasema.

Fundi alinitazama kwa muda mfupi tu. Akaifunga ile pete kwenye kitambaa, akatoka. Karatasi niliitupa chooni jioni hiyo hiyo. Ndugu yangu akapelekwa, kambi hii, kambi ile, na mama yetu alizeeka mbele ya macho yangu akiniuliza kama nimesikia lolote. Nilimwambia tuombe.

Fundi alifukuzwa. Alihamia Gatuanyaga, kwenye vumbi kule mashariki, akafuga mbuzi na kulima mtama. Nilisikia hagusi chuma tena, hata jembe alimpelekea mtu mwingine kutiwa mpini.

Mara ya mwisho kumwona ilikuwa karibu na mwisho wa miaka hiyo, watu walipokuwa wameanza kurudi kutoka kambini. Mwanamke mmoja wa Kalimoni aliniambia sokoni, "Kumbe ndugu yako ametoka. Mbona anakaa kwa mhunzi na si kwenu?" Alikuwa ametoka miezi minne iliyopita. Nilipanda baiskeli siku hiyo hiyo.

Nilimkuta ndugu yangu amekaa kivulini nyuma ya nyumba, amekonda, meno ya mbele hayapo. Vidole vya mkono wa kushoto havifungi. Aliponiona alisimama akanikumbatia, akalia. Mimi pia nililia. Fundi alitoka ndani na sufuria ya uji, akanisalimia mara moja, bila kugonga chochote kwanza.

"Sikuweza kuja nyumbani moja kwa moja," ndugu yangu akasema. "Mama asinione hivi. Nilitaka ninenepe kidogo. Fundi alikuja kunichukua Thika stesheni. Alikuja kila treni ya waliotoka, unajua hilo? Ameniambia yote. Ameniambia ni yeye aliyeitia motoni, akaenda kusema, wakakataa kumsikia. Nimemsamehe. Nifanyeje? Mzee alisema ukweli, ukweli ukakosa mguu." Akanishika bega kwa ule mkono mbovu. "Na wewe umemtunza mama peke yako. Mungu akubariki."

Nilimtazama Fundi. Uso wake haukuniambia kitu. Aliweka sufuria chini akasema, "Naenda kuangalia mbuzi," na mbuzi walikuwa pale pale, wamefungwa, tunawaona.

Tulibaki wawili. Ndugu yangu alinimiminia uji. Nilifungua mdomo, nikamwambia kwamba mtoto wangu wa kwanza ni msichana, na kwamba mahindi hayakufanya vizuri upande wetu. Aliniuliza jina la msichana, nikamwambia. Akasema ni jina zuri. Uji ukaisha. Nilikuwa natafuta mahali pa kuanzia na kila nilipopagusa palikataa.

Fundi aliporudi alitazama uso wa ndugu yangu, uliotulia, akajua sijasema. Alinisindikiza mpaka barabarani akishika usukani wa baiskeli yangu. Alikuwa amezeeka sana, anakohoa kila hatua chache.

"Nilimwambia langu," akasema. "Lako sikuligusa. Nimekungoja miezi minne uje useme mwenyewe. Hii cheni ya kifua hainipi mwaka. Nikiondoka, hapatakuwa na mtu mwingine anayejua."

"Nitarudi Jumapili, Fundi. Jumapili nitamwambia."

"Mkate anaupenda," akasema. "Ule wa Thika, mweupe. Uji unamchosha."

Jumapili nilivaa koti, nikatoa baiskeli, nikaenda mpaka Thika. Nilinunua mkate mweupe. Nilisimama nao pale barabara ya Gatuanyaga inapoanzia mpaka watu wakaanza kutoka kanisani. Kisha nikarudi nao Ruiru, na watoto wakaula wote kabla hata sijavua koti.